Yah: Ombi la Ripoti Isiyosomeka

Katibu Mkuu,
Wizara ya Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: PONGEZI ZA KUVUMILIA WAPINZANI, PAMOJA NA OMBI LA RIPOTI ISIYOSOMEKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipakodi wa kawaida. Nalipa kwenye soda, nalipa kwenye vocha, nalipa kwenye mafuta ya daladala hata nikiwa nimening'inia mlangoni. Julai 2021 mkaniongezea heshima nyingine, nikaanza kulipa tozo kila nilipomtumia mama hela ya dawa kwa simu. Niliponung'unika, nikasikia ushauri wa Waziri wenu wa wakati ule kwamba asiyetaka tozo ahamie Burundi. Niliufikiria kwa makini sana. Nikajiuliza, nikiondoka, mashangingi yatajazwa mafuta na nani? Nimebaki, na ninaandika kama mwekezaji mwenzenu.

Naguswa na mateso mnayoyapata kila Aprili. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) ikishawekwa mezani bungeni, haipiti wiki anazuka mpinzani na miwani yake, ameita waandishi wa habari, anasoma: ukurasa fulani, aya fulani, mabilioni kadhaa, nyaraka hazikuonekana. Angekuwa anatunga, kazi ingekuwa nyepesi. Sheria za kumshughulikia mtunzi tunazo za kutosha, hata za akiba. Balaa la huyu ni kwamba anasoma. Anasoma kitabu cha ofisi iliyomo kwenye Ibara ya 143 ya Katiba, kilichochapwa kwa kodi na kupokewa Ikulu mbele ya kamera. Sasa mtu anayewasomea kitabu chenu mnamkamata kwa lipi?

Nakumbuka Aprili 2018, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe aliposoma hesabu za mwaka wa fedha 2016/17 na kusema kuna Sh trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayaonekani. Naibu Waziri wenu akasimama bungeni akaeleza: hati fungani zilizoiva, fedha za Zanzibar, mapato yaliyohesabiwa kabla hayajaingia. Maelezo mazuri tu kwa aliyepita darasa la uhasibu. Rais Magufuli naye akamuuliza CAG hadharani, Ikulu, kama fedha hizo ziliibwa, na Profesa Mussa Assad akajibu hapana. Tukapiga makofi. Kuna mzee hapa mtaani, mstaafu wa posta, hakupiga. Alisema swali lilikuwa zimetumikaje, jibu limekuja kwamba hazikuibwa, na kwamba enzi zao karani aliyejibu hivyo alirudishiwa daftari. Nimemkanya. Mtu wa umri wake anapaswa kujua kuwa hesabu ya karani na hesabu ya Serikali haziwekwi kwenye daftari moja.

Mlivyoendelea kulishughulikia jambo hilo ni somo la uongozi. Septemba 2018 ikarekebishwa Sheria ya Takwimu, ikawa hatari kwa raia kutoa namba inayogombana na ya Serikali, mpaka mwaka uliofuata ilipolegezwa baada ya Benki ya Dunia kukunja uso. Profesa Assad akahojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, akatumia neno "udhaifu" kulieleza Bunge lisilofanyia kazi ripoti zake. Akaitwa kwenye kamati ajieleze, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Huo ndio uwajibikaji: mkaguzi amekagua, naye akakaguliwa. Novemba 2019 akawa nje ya ofisi. Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2022, katika kesi iliyofunguliwa na Zitto yuleyule, kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba, lakini kwa wakati huo ofisi ilikwisha kupata mtu mwingine.

Wanaosema Serikali haibani matumizi nao wana kumbukumbu fupi. Januari 2016 mlituonyesha kubana kwenyewe kulivyo. Tuliambiwa TBC inatumia Sh bilioni 4.2 kwa mwaka kurusha Bunge moja kwa moja, mzigo usiobebeka. Matangazo yakakatwa. Wapinzani wakagoma, askari wakaingia ukumbini kuwatoa. Katika maisha yangu sijaona agizo la kupunguza gharama likitekelezwa kwa kasi ile. Semina, safari, posho za vikao, misafara ya magari inayofunga barabara tukiwa kwenye foleni: huko kote ubanaji bado uko kwenye mchakato. Ila fedha iliyokuwa inatuwezesha kusikia zile nyingine zinavyotumika ilipatikana mara moja na kuokolewa.

Halafu Machi 2023 nikapata kizunguzungu. Rais Samia alipokuwa anapokea ripoti ya CAG, alisema mwenyewe, kwa ukali, kwamba ndege ya mizigo iliyokuwa na bei ya Dola milioni 37 imeletewa ankara ya Dola milioni 86. Nilikimbia kufunga dirisha nikidhani ni mpinzani anahutubia. Taifa zima likapongeza ujasiri. Nikakaa chini kulitafuta kosa la wapinzani liko wapi, kama maneno ni yaleyale na kitabu ni kilekile, na nadhani nimelipata. Mbunge wa CCM anaweza kulalamikia barabara, maji, zahanati isiyo na dawa na daraja lililosombwa na mvua, dakika kumi nzima, jasho linamtoka, kisha akamaliza: naunga mkono hoja asilimia mia moja. Mpinzani hulalamika hayohayo akasahau sentensi ya mwisho. Naomba Wizara igharimie mafunzo ya siku mbili, hapo hapo Dodoma na bila posho, wafundishwe kuimalizia.

Hayo ya fedha ningeyaacha hapo. Lakini wapinzani hawa wana tabia ya kuyafunga pamoja na usalama wa raia na mali zao, eti ukitaka kujua Serikali inamthamini vipi mwananchi, angalia ilichonunua kabla hajazama.

Wanapenda kutaja kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati ya kisiwa hicho, na waliokufa ni zaidi ya 220. Giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Mbunge wa Ukerewe wa wakati huo, Joseph Mkundi wa Chadema, alikwisha kulizungumzia bungeni suala la kivuko kile na injini zake. Ni haki yenu isemwe: injini mlibadilisha. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama gatini na kuhesabu vichwa mpaka 101, kisha akasema basi. Mtu huyo hahitaji zabuni wala mkopo wenye masharti nafuu. Labda ndiyo sababu hakuonekana kwenye bajeti: hana kitu cha kuzinduliwa, huwezi kumkatia utepe. Baada ya msiba tulipata siku nne za maombolezo, tume, na bodi ya TEMESA, wakala wa vivuko, iliyovunjwa. Mheshimiwa Mkundi naye, wiki chache baadaye, alihamia CCM. Nimeona nchi nyingi zikihangaika kutatua malalamiko. Ninyi hapo mlihama na mlalamikaji.

Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa ndege. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Baadaye tukaona kwenye simu zetu umati wa watu wakiivuta ndege kwa kamba. Walikufa 19. Ni ziwa lilelile la ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 1996, lililochukua mamia ya watu, kwa hiyo mtu asiseme lilitushtukiza. Lilitupa miaka 26 ya kununua boti. Mvuvi mmoja kijana aliyekwenda kupambana na mlango wa ndege alipewa na mkoa Sh milioni 1, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Naisifu sera hii ya ajira. Kwingine mtu huajiriwa, akafundishwa, akapewa vifaa, ndipo akaokoe. Hapa unaanza na kuokoa kwa kasia lako, vyeti vitafuata.

Miezi mitatu baadaye, Februari 2023, kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika likapangiwa Sh milioni 5 za Mama, yaani Rais Samia. Sina ugomvi na mpira, mimi mwenyewe ni wa Yanga na nilishangilia hadi sauti ikapotea. Wala siulizi zinatoka fungu gani, maana kuuliza ndiko kunakozaa upinzani. Nawashauri tu wavuvi wa Kagera: siku nyingine mkimtoa mtu majini, jitahidini apitie katikati ya milingoti miwili.

Kariakoo nitaigusa kidogo kwa kuwa bado inauma. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka mchana kweupe, wafanyabiashara na wateja wakafukiwa, wengine wakawa wanapiga simu wakiwa chini ya kifusi, na walioanza kuwafukua ni machinga na wabeba mizigo, kwa mikono. Ikaundwa kamati ya watu 19 kukagua majengo. Machi 2013, si mbali na hapo, Mtaa wa Indira Gandhi, ghorofa jingine liliua watu zaidi ya 30, na siku zile pia hatukuona upungufu wa viongozi eneo la tukio.

Nikirudi kwenye ombi langu. Tangu uchaguzi wa 2020 sauti za upinzani bungeni zilipungua hadi kuhesabika, na mimi nilitegemea kwamba, kelele zikiisha, hesabu zitakaa sawa. Cha ajabu kitabu cha CAG kimeendelea kuja, kila mwaka, na mambo yake yaleyale. Hii inanifanya nihisi, samahani kwa lugha, kuwa huenda wapinzani hawakuwa ndio wanaoyasababisha. Ili kuepusha wananchi kufika kwenye hisia hiyo kwa wingi, napendekeza ripoti ijayo iandikwe kwa mkono, kwa mwandiko wa daktari wa zamu ya usiku. Atakayetaka kuinukuu aende nayo duka la dawa.

Ikishindikana kwa sababu za kisheria, ipo njia ya pili, ingawa najua ni ya gharama. Mpinzani akisoma ukurasa, Wizara ifungue ukurasa huohuo ijibu kilichoulizwa, siku hiyohiyo, kabla ya kueleza anatumiwa na nani. Na lile jibu tunalopewa kuhusu vifaa vya uokoaji, kwamba vitanunuliwa "kadri hali ya fedha itakavyoruhusu", lijaribiwe mwaka mmoja tu kwenye magari ya viongozi, tuone hali ya fedha itaruhusu mangapi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mlipakodi (hajahamia Burundi)

Nakala:
Ofisi ya CAG – kwa taarifa
Kambi ya upinzani – isome, isinukuu
Wavuvi wa Kagera na Ukerewe – kwa utekelezaji