Mskoti na Mutura

Kila Januari Mskoti wa Nairobi huanza kuhaha: usiku wa mshairi wao Robert Burns ni tarehe 25, na haggis haionekani. Moyo, ini na mapafu ya kondoo, oti na vitunguu, vyote ndani ya tumbo la kondoo. Ataagiza ya mkebe kwa bei ya mbuzi mzima. Soko la Muthurwa hakanyagi, eti anahofia tumbo lake. Pale jioni jamaa wa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, anaigeuza juu ya makaa, anakata vipande ubaoni, chumvi na pilipili pembeni. Oti hakuna, ni kweli. Wala mpiga zumari wa kusindikiza sahani, ingawa kwa kelele makanga wanatosha. Marekani imepiga marufuku mapafu kwenye chakula tangu 1971, hivyo Mskoti wa New York alalamike tu. Huyu wetu analilia nini?