Gimbo Nyepesi, Mguu Mzito

Ndugu mpiga video wa harusi, umenunua DJI RS 3 Mini, gimbo (kishikio cha kutuliza kamera) ya gramu 795 tu, na mtaa mzima tumearifiwa. Hongera. Inahimili kilo 2. Wewe umeipachika kamera, lenzi nene, taa na maikrofoni, kisha unalalamika inatetemeka. Kusawazisha kamera kabla ya kuwasha ni kazi ya dakika chache, lakini wapi! Mota zake 3 hutuliza mkono, hazitulizi miguu inayodunda kama ya mcheza mdundiko, ndiyo maana maharusi wako huingia ukumbini wakipanda na kushuka. Na huko kumzunguka bibi harusi kama unatafuta mlango! Shangazi zake hawajaona keki ikikatwa. Chutama kidogo, bwana. Hao ndio waliochanga.