Kila Programu na Aibu Yake

Mkutano wa mtandaoni ni kikao cha kazi ambacho wajumbe wake wamekaa mbalimbali, kila mmoja mbele ya simu au kompyuta yake, na ambacho dakika tano za mwanzo huliwa na swali moja: "Mnanisikia?" Anayesikika hana haja ya kuliuliza, na asiyesikika swali lake halimfikii mtu. Hata hivyo huulizwa kila siku, katika programu zote, na wakubwa kwa wadogo.

Kuonana kwa simu si jambo la jana. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu yake ya picha, Picturephone, kwenye Maonesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuitoa kwa ofisi za Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Wateja walikuwa wachache mno. Gharama iliwakimbiza, lakini pia simu ya namna hiyo humtaka mtu achane nywele kabla ya kuipokea. Skype ilizaliwa mwaka 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2011, ikafungwa Mei 2025. Zoom ilianzishwa mwaka 2011 na Eric Yuan, mhandisi aliyetoka kwenye kazi ya Webex huko Cisco. Google Meet na Microsoft Teams zikafuata mwaka 2017. Kisha likaja janga la korona. Washiriki wa mikutano ya Zoom, waliokuwa kama milioni 10 kwa siku Desemba 2019, walipita milioni 300 Aprili 2020, na wakurugenzi wengi wakainuka kufunga dirisha wakaonekana wamevaa shati, tai na msuli.

Kwa kazi yenyewe, programu zinazotumika zaidi maofisini hazipishani sana. Zote huonyesha nyuso, hupitisha sauti na humruhusu mjumbe kuonyesha skrini yake. Tofauti hujitokeza mambo yanapoharibika. Ofisi inayochagua programu inachagua, kwa kweli, fedheha ambayo itaweza kuibeba.

Ipo ajali moja isiyobagua, kwa kuwa hutokea kabla programu haijafunguliwa. Kalenda za programu hizi hazijui saa za Kiswahili. Mwaliko ukiandikwa 10:00, kompyuta ina maana ya saa nne asubuhi, lakini mjumbe aliyeusoma huku anakunywa chai huona kumi, akaipanga siku yake kwa saa kumi jioni. Saa ikifika anaingia, kola imenyooshwa, taarifa iko tayari, na anajikuta peke yake kama mtu aliyefika shughulini wakati maturubai yanakunjwa. Mwaliko wa mdomo una mtego wake. Saa nne ya Nairobi na Dar es Salaam ni saa tatu ya Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, na ni saa tano ya Muscat. London, inayosogeza saa zake Machi na Oktoba, huwa nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto. Kalenda hurekebisha tofauti hizo yenyewe, mdomo haurekebishi.

Zoom imezoeleka kiasi kwamba wapo wanaoita kila mkutano wa video "zoom", hata wakiwa ndani ya programu ya mshindani wake. Toleo la bure hupokea watu 100 kwa dakika 40. Wengi huhesabu kikomo hicho kuwa kasoro, ilhali ni nadra kumpata mwenyekiti wa nyama na damu anayeweza kuendesha kikao kwa ukali wa namna hiyo. Mkuu wa idara aliyezoea kuanza na "nina maneno mawili tu" hufika dakika ya 38 akiwa bado kwenye neno la kwanza. Dakika ya 40 anakatizwa katikati ya sentensi, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na hakuna wa kumnunia. Hutumwa linki nyingine, na nusu ya wajumbe hudai hawakuiona.

Aibu ya Zoom iko mlangoni. Mwaka 2020 wavamizi walipozidi kuingia kwenye vikao vya watu, kampuni ilifanya nywila na chumba cha kusubiria kuwa mambo ya kawaida. Mwenye kikao sasa ndiye mlinzi wa geti, na kazi hiyo mara nyingi hupewa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kijana anaona "Galaxy A14" anaomba kuingia. Hamjui mtu wa jina hilo, naye ameonywa kuhusu wavamizi, kwa hiyo anamwacha nje. Dakika ishirini baadaye mkurugenzi mkuu anapiga simu ya kawaida kuuliza kama amefukuzwa kazi.

Google Meet haidai kupakuliwa kwenye kompyuta, kivinjari kinatosha. Bila malipo, kikundi cha hadi watu 100 hupewa dakika 60. Hapa tatizo ni akaunti. Simu nyingi za wazee huwashwa mara ya kwanza na watoto wao, na mtoto huweka jina analolipenda yeye. Ndiyo maana mhasibu wa miaka 57 anaweza kuingia kwenye kikao cha bajeti kwa jina la Sharobaro, lenye picha ya kijana kavaa miwani ya jua, na katibu mwaminifu, anayeandika anachokiona, akaweka kwenye muhtasari: "Sharobaro aliwasilisha taarifa ya madeni. Wajumbe walimpongeza."

Teams hupendwa zaidi na ofisi zilizokwishalipia Word na Excel, kwa kuwa mara nyingi huja katika furushi lilelile. Nguvu yake ni kumbukumbu: mafaili, kalenda na maandishi ya kikao hukaa mahali pamoja. Maandishi hayo hubaki hata kikao kikiisha, na hapo ndipo panapouma. Mjumbe aliyekusudia kumnong'oneza jirani yake, akaandika mbele ya wote "huyu atamaliza lini, ugali unapoa", atalikuta neno lake palepale wiki ijayo, chini ya ajenda mpya. Teams isichanganywe na TEAMS, mkongo wa baharini uliotoka Fujairah ukafika Mombasa mwaka 2009. Mei 2024 mikongo mingine miwili, EASSy na Seacom, ilipokatika, maelfu ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki waliosema "mtandao unasumbua" walikuwa wanasema kweli, na baadhi yao hawakuaminiwa, kwa sababu ya historia.

WhatsApp haikuundwa kwa ajili ya ofisi, lakini ndiko vikao vingi vinakoishia programu nyingine zikigoma. Hupokea watu 32 tangu mwaka 2022, haikati kwa dakika, na haihitaji kufundishwa. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida haialiki, inapiga. Simu za wajumbe wote hulia kwa pamoja: ya aliye ofisini, ya aliye kwenye daladala, na ya aliye makaburini, mfukoni, wakati wa dua.

Kamera na maiki ni habari ya programu zote. Februari 2021, katika mahakama moja ya Texas, wakili alionekana mbele ya jaji kwa sura ya paka, akalazimika kutamka kwamba yeye si paka. Mwaka huohuo Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini vikao hivi huchosha, na sababu mojawapo ni mtu kujitazama usoni kutwa nzima kama aliyefungiwa kioo. Ushauri wake ni kuficha picha yako mwenyewe. Ni ushauri mzuri, ila asiyejiona husahau kwamba anaonekana, na wenzake wakamshuhudia akichokonoa meno hadi ajenda ya saba. Kuhusu maiki, jogoo wa jirani anajua ni lini imeachwa wazi.

Limebaki bando. Picha nzuri ya kikundi yaweza kula GB nzima au zaidi kwa saa moja, wakati sauti pekee hutumia MB 30 hivi. Anayezima kamera kwa sababu ya bando na anayeizima kwa sababu bado yuko kitandani hawatofautishiki, na ni ungwana kutowauliza.

Kwa ofisi inayopokea wageni wengi wa nje, Meet inafaa. Inayohitaji kumbukumbu za kila neno, na yenye wafanyakazi wasio na umbea, ichukue Teams. Watu wanane wenye jambo moja wapigiane WhatsApp ya sauti, baada ya kuulizana kama kuna aliye msibani. Kwa idara yenye mkuu wa maneno mawili ni Zoom, toleo la bure, na mhasibu aombwe asiilipie.