Tairi la Lumbesa

Kidole changu kilikuwa bado kinaonyesha dashibodi wakati afande ameshafungua kitabu. "Afande, mshale ulikuwa 50 kamili. Muulize mama!" Mama ni mama mkwe, niliyekwenda kumchukua Morogoro, na alikuwa kiti cha mbele na kapu la maembe mapajani. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasema taratibu: "Mimi nimemwambia apunguze tangu Mlandizi."

Tochi ya afande ilisema 54. Faini 30,000. Ilikuwa jana, na masikio yangu bado yana moto. Pesa nitaisahau. Lakini mimi niliapa, mbele ya mkwe, kwa mshale wa gari langu mwenyewe, na mshale ukaniacha peke yangu barabarani. Toka hapo hadi nyumbani hakuna aliyesema kitu, ila maembe yaliyogongana kila tuta.

Usiku nilitoka na tochi ya simu na futi kamba, nikalala chini ya IST kama fundi. Tairi lililokuja na gari hili ni 175/65R14. Miaka yote nilidhani hizo ni namba za kiwanda tu, kumbe ni maelezo kamili. 175 ni upana kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya ule upana. 14 ni inchi za rimu. Jumlisha rimu na kuta mbili, juu na chini, unapata kimo cha milimita 583; likizunguka mara moja, gari limesogea meta 1.83. Yale niliyovalisha mwezi wa nane ni 195/70R14. Hayo yana kimo cha milimita 629, na mzunguko mmoja ni meta 1.97.

Sasa sikia uhondo. Gari haliangalii barabara kabisa! Kuna kidude kwenye gia boksi kinachohesabu mizunguko, basi. Ni karani aliyefungiwa stoo, anahesabu magunia yanayopita mlangoni, na alishaambiwa na mwajiri wake kila gunia lina kilo mia. Ukimpitishia lumbesa, ataandika mia ileile. Kwa tairi la zamani kilomita moja ni mizunguko 546. Kwa hili jipya ni 506, na karani akihesabu 506 anaandika meta 927. Meta 73 zimepita juu ya gunia, hazimo daftarini. Ndiyo maana aliposema 50, mimi nilikuwa karibu 54. Tochi ilikuwa sahihi hadi inakera.

Viwanda vinajua tabia zetu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mshale kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, ila inauruhusu kuzidisha, hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo mishale mingi hudanganya kidogo kwa kukuhurumia. Wangu, kwa mkosi, ulizaliwa mkweli.

Kilomita za safari zinahesabiwa na karani huyohuyo. Oili ninayobadilisha kila 5,000 imekuwa ikitembea karibu 5,400. Na yule kijana wa kituo cha mafuta niliyemwita mwizi miezi mitatu, eti lita zake hazifiki mbali, nitapita kituo kingine.

Lakini naomba niulize. Niliongeza kimo cha tairi kwa anasa? Niliongeza kwa sababu ya matuta. Tuta moja ni tuta, linalofuata ni ukuta, halina rangi wala kibao, na IST inalipanda kwa tumbo. Nikaenda dukani, muuzaji akapima kwa jicho kama anayeuza nyanya: "Bosi, hizi zitakukaa kama kiatu." Neno spidi halikumtoka. Nimenunua tairi nne kwa kosa la barabara, nikalipa faini kwa kosa la tairi, na lile tuta lisilo na kibao liko palepale, hakuna aliyeliandikia hata shilingi.

Mwezi wa tisa matairi hayo mapya yalikwaruza madigadi nikigeuza mbele ya kanisa, ibada inatoka. Wiki iliyopita nilipata pancha, nikafunga spea, ambayo ni ile ndogo ya zamani, gari likainama upande kama linavua kiatu.

Penye kibao cha 50 sasa naendesha mshale ukiwa 46. Mama mkwe anarudi Morogoro Jumamosi; ameshakata tiketi ya basi.