Hotuba ya Bingwa wa Majedwali

Waheshimiwa wenye duka la saruji na mabati, mama na papa mliojazana hapa mtaani Makiso: makofi kwanza, elimu baadaye. Asanteni. Kijana wa baiskeli ya toleka aliyenipakia aliniuliza mkoba huu una nini. Una tai ya akiba. Ya kwanza, hii mnayoiona, niliinunua Kampala, kwenye semina ya siku 2 iliyonipa ubingwa wa hifadhidata. Siku ya pili ndiyo niliyokwenda kutafuta tai.

Shida yenu naijua. Wateja 20,000 wako jedwali hili, risiti 200,000 ziko jedwali lile; mkitaka kuyaunganisha kwa namba ya simu mjue nani ana deni, kompyuta inajikongoja kama boti ya Kinshasa inayopandisha mto. Swali hilo nimeliwasha saa 3 kamili. Bado linakwenda. Msikodolee skrini, nitazameni mimi.

Edgar Codd alitangaza nadharia ya majedwali mwaka 1970. Na mimi nilizaliwa lini? 1970! Haya mambo hayatokei hivi hivi.

Dawa ni seva kubwa. Nimeshawauzia 2. Binti wa staji kule nyuma ananong'ona kwamba safu ya simu haina fahirisi, kwa hiyo kila risiti inabisha hodi kwa wateja wote 20,000, jumla milango bilioni 4. Ingekuwapo fahirisi, hatua 15 tu zingeitosha risiti moja. Vizuri, mwanangu. Nilikuwa nafika hapo, baada ya seva ya 3.

Anasema pia MySQL, hifadhidata tunayotumia, ilijifunza njia ya mkato, ile ya heshi, kuanzia toleo la 8.0.18, mwaka 2019. Yetu niliisimika kwa mikono yangu 2012, nikapiga marufuku mtu kuigusa. Huo ndio uthabiti.

Jana akaniomba niandike EXPLAIN mbele ya swali langu. Mimi, nijieleze kwa mtoto wa staji? Kumbe ni hifadhidata inayojieleza itapita wapi. Ikajieleza: jedwali zima, halafu tena jedwali zima. Kweli, haina adabu.

Mpelelezi Stanley alipita hapa 1877, maporomoko 7 ya Boyoma yakamtoa jasho. Mimi nilikwenda pale kwa picha ya wasifu wangu. Mvuvi mmoja mzee wa Wagenia akanieleza kwamba wao hawaupekui mto mzima. Makapu wanayatega pale maji yanapobanwa na miamba, samaki aletwe hapo hapo. Maneno matamu, ila sikuona yanahusu vipi kazi yangu. Nikamuuliza tai imekaa sawa?

Mbona makofi? Limekwisha? Ah, la binti. Kwenye nakala iliyo katika kompyuta yake mwenyewe, mstari mmoja wa kuongeza fahirisi, nilipokuwa bado kwa Stanley. Sekunde 3 hazikufika.

Mnaona jinsi hotuba yangu inavyoamsha vijana? Langu liacheni, linakwenda. Sasa, bei ya seva ya 3.