Chubwi Iliyovua Nguo

Jumamosi iliyopita, juu ya miamba ya Mama Ngina, Mombasa, mhasibu mmoja wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini alivuta mshipi wake akakuta chubwi iko uchi. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa nyekundu ya kumetameta, imepakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye oveni, na wazee waliokaa pale walikuwa wamepitishiana kuishika, kila mmoja akilazimishwa kusema jambo. Sasa ilirudi na kijivu chake cha kuzaliwa. Ngozi yake nyekundu ilining'inia chini, nzima, haina hata ufa, imenasa kwenye tundu la mshipi.

Mzee aliyekuwa akivua kwa plagi kuukuu ya gari aliitazama chubwi, akamtazama mhasibu, akarudi kwa chubwi.

"Ami," alisema, "sote hapa tumekuja kuvua. Lakini chubwi yako imevua nguo."

Kicheko kilifika kwa wauza mihogo. Kijana wa madafu aliacha wateja wake akaja kuomba apewe ile ngozi akamvalishe mtoto kidoleni. Mhasibu aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema kwa sauti ya mkaguzi wa hesabu kwamba lile lilikuwa jaribio la awali.

Haja ya kuipaka chubwi rangi si upuuzi. Chubwi ni kipande cha risasi kinachozamisha ndoana, na risasi ilichaguliwa kwa kazi hiyo kwa kuwa ni nzito mara kumi na moja na zaidi kuliko maji ya ujazo uleule, ni rahisi kuyeyusha, na kalibu ya kuimiminia mtu anaweza kuichonga mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba inaacha weusi mkononi, na weusi huo ni sumu. Rangi ya kopo haidumu; matumbawe huikwangua yote asubuhi moja. Ndipo mhasibu aliposikia habari za rangi ya unga, akapotea.

Na ni kitu cha kumpoteza mtu kweli. Rangi hii haina maji wala thina. Ni unga mkavu wa poliesta, au epoksi, uliosagwa pamoja na rangi yenyewe na kigumishi. Ukifikishwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, unayeyuka na kutandaa, kisha molekuli zake zinashikana moja kwa moja, hata ukiupasha tena hauyeyuki. Fremu za madirisha ya alumini zimevikwa huo, rimu za magari pia, na mashine ya kufulia iliyoko nyumbani kwa anayesoma haya, kama anayo, huenda imevikwa huohuo.

Swali linalomnyima mtu usingizi ni dogo: kabla haujayeyuka, unga mkavu unashikwa na nini juu ya chuma kikavu? Unashikwa na umeme. Kwenye karakana, bastola ya kupulizia ina ncha yenye makumi ya maelfu ya volti. Unga ukipita hapo hubeba chaji hasi. Kile kinachopakwa kimetundikwa kwenye ndoano iliyounganishwa na ardhi. Unga unavutwa, unazunguka pembe, unakwenda kujipachika hata mgongoni ambako fundi hajaelekeza bastola. Uliokosa shabaha huzolewa na kutumika tena. Mahali unapogoma ni kwenye pembe za ndani na mashimo, kwa sababu ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836 alipojenga chumba kilichovikwa chuma na kukuta kuwa umeme unabaki nje ya kuta na haumgusi aliye ndani. Mafundi wa mageti wanapambana na Faraday kila siku bila kujua jina lake.

Mhasibu hakuwa na bastola. Alikuwa na kilo moja ya unga mwekundu aliopimiwa na fundi wa madirisha, na alikuwa na mbinu ya Wamarekani wanaojitengenezea risasi za bunduki nyumbani. Hao wana tatizo linalofanana na lake: risasi tupu, ikisukumwa kwenye mtutu kwa kasi, huacha masizi ya metali yanayong'ang'ania ndani. Zamani waliipaka mafuta yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Siku hizi wengi huivisha rangi ya unga, na njia yao haihitaji mtambo wowote. Wanachukua bakuli la plastiki lenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake, wanatia unga kidogo, gololi ndogo za plastiki za bunduki za kuchezea, na vipande vyao vya risasi, wanafunga kifuniko, wanatikisa. Kusuguana kwa plastiki na unga kunazaa umeme tuli, uleule unaosimamisha nywele mtu akivua sweta wakati wa baridi kavu. Baada ya dakika moja hivi vipande vinatoka vimevaa unga sawasawa, tayari kwa oveni.

Anayefanya hivyo jangwani Arizona hufanikiwa mara ya kwanza na kudhani ana kipaji.

Mombasa ni habari nyingine. Hewa ya hapa mara nyingi hubeba unyevu unaopita asilimia 70, na unyevu huo hutandika utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni lakini umeme unauona vizuri sana. Chaji ikizaliwa inapata njia ya kutorokea papo hapo. Mhasibu alitikisa bakuli barazani jioni nzima. Unga ulishika kuta za bakuli, ukashika gololi, ukashika vinyweleo vya mikono yake na paka aliyekuja kuuliza. Chubwi zikatoka na vumbi la hapa na pale. Zilipoguswa, hata hilo likaanguka.

Akafikiri. Nyumba nzima ina chumba kimoja chenye hewa kavu, nacho ni chumba cha kulala, kwa sababu kina AC, na AC huku ikipoza inakamua maji kutoka hewani; ndiyo yanayodondoka kwenye kibomba cha nje siku nzima. Usiku wa manane mkewe aliamshwa na mtikisiko wa kayamba.

"Baba watoto, ni nini hicho?"

"Lala. Hewa imekauka."

"Mimi ndiye niliyekauka. Lete hilo bakuli nikutupie nje."

Lakini unga ulishika. Hilo ni lazima asifiwe nalo: saa saba za usiku, akiwa amejifungia na bakuli msalani baada ya kufukuzwa kitandani, huku mlango umeachwa wazi kidogo hewa ya AC iingie, alizitoa chubwi zikiwa zimevaa wekundu kila upande. Akazipanga kwenye trei, akaziingiza kwenye oveni ya mkewe, na asubuhi yake akawa mtu asiyeongeleshwa ovyo.

Basi mbona zilivua nguo?

Ushahidi ulikuwa mfukoni mwa shati. Rangi ya unga ina tabia mbili za kuharibika, na kila moja hutaja chanzo chake. Isipoiva, hupasuka na kumenyeka vipande vidogo. Ukiipangusa kwa asetoni hulainika na kuacha rangi kwenye kitambaa. Ile iliyoiva vizuri lakini haikushika chuma hutoka ngozi nzima, kwa sababu imeshikana yenyewe kwa yenyewe tu. Ya mhasibu ilitoka nzima. Kwa hiyo oveni ilikuwa haina hatia, na kati ya chubwi na rangi palikuwa na kitu cha tatu.

Kitu hicho kilinukia stroberi. Maelekezo yalisema risasi ioshwe kwa asetoni ili mafuta ya vidole na masizi ya kalibu yatoke, na mhasibu, akijua kwamba dawa ya kufutia rangi ya kucha ni asetoni, alichukua chupa ya mkewe. Asetoni imo, ndiyo. Ila watengenezaji wengi hutia humo pia mafuta ya kulainisha kucha na manukato. Asetoni ikaruka hewani, mafuta yakabaki. Alikuwa amezipaka chubwi zake losheni, moja moja, kwa pamba, kwa uangalifu mkubwa.

Wamarekani wangemwokoa, kwani wao hawaanzi kutamba kabla ya nyundo. Kipande kimoja huwekwa juu ya chuma kigumu na kupondwa mpaka kiwe bapa. Rangi nzuri hutanuka pamoja na risasi bila kuachia. Mhasibu alijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, akaridhika.

Kisa cha oveni kilimngoja nyumbani. Mkewe huoka keki za arusi, na aliposikia kuwa trei yake imelaza risasi, hakupiga kelele, jambo lililomtisha mhasibu kuliko kelele. Aliuliza tu ni duka gani atakwenda kununua nyingine, na saa ngapi. Alikuwa na haki. Oveni iliyookewa risasi haiokewi tena chakula. Sheria hiyo wapenda kazi hii wa kote wanaikariri.

Hapa mzaha unaanza kuchacha, kwa sababu Mombasa haihitaji kusimuliwa habari za risasi. Owino Uhuru, mtaa wa hapahapa, uliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyushia betri za magari hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo. Mwanawe mchanga aliugua kwa risasi, naye akaanza kupiga kelele zilizomletea Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kesi inaweza kupanda na kushuka ngazi hivyo kwa miaka. Ubongo wa mtoto ulioguswa na risasi hauna mahakama ya rufaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Uingereza ilipiga marufuku sehemu kubwa ya chubwi ndogo za risasi, zile zisizozidi gramu 28 na ushei, mwaka 1987. Sababu ilikuwa bata maji wa mitoni, waliokuwa wakizimeza na kufa. Bata maji wakalindwa. Huku kwetu mvulana wa miaka tisa anabana chubwi kwenye mshipi kwa meno, mbele ya watu wazima, na anayemuuzia hana hata pakiti ya kuandikia onyo. Mhasibu, pamoja na vituko vyake vyote, ndiye pekee juu ya miamba ile aliyewahi kufikiria kuifunika.

Oveni mpya ilinunuliwa. Ya zamani ikahamia uani, imeandikwa SUMU kwa rangi ya kopo.

Kundi la pili la chubwi liliinama ndani yake na kulala, kwa kuwa risasi ya skrepa aliyouziwa ilijaa lehemu ya rejeta, na lehemu yenye bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kundi la tatu lilitoka zuri, ila matundu ya mshipi yalizibwa na rangi yote. La nne alilikanyaga.

Kilichomtoa mashakani ni mbinu ya zamani kuliko bastola za umeme. Mapema katika miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Gemmer aliona kuwa hewa ikipulizwa polepole kutoka chini kupitia kitako chenye vinyweleo, unga hulegea na kutiririka; ukichovya humo chuma kilichopashwa moto, unga hukiyeyukia na kukishika papo hapo. Chaji haihitajiki, wala Arizona. Mhasibu alikata kipande cha bomba la plastiki, akakifunga kitako kwa karatasi ya kuchujia kahawa, akakiunganisha na pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Unga ukafura ukatokota kama uji. Chubwi iliyooshwa kwa asetoni ya dukani, ikapashwa kwenye moto wa gesi, ikachovywa kwa sekunde moja, ilitoka imevaa. Baada ya oveni akaipiga nyundo mpaka ikawa sahani. Rangi haikuachia popote.

Aliipeleka nyingine ya namna hiyo kwa yule mzee wa plagi, ambaye aliigeuzageuza, akaikwangua kwa kisu, akakiri kuwa imeshika. Kisha akauliza itavuliwa kina gani. Mita ishirini, alijibu mhasibu.

"Huko chini hakuna wekundu, yakhe. Maji yanaumeza mapema. Samaki ataiona nyeusi."

Ni kweli, mwanga mwekundu ndio wa kwanza kufyonzwa na maji ya bahari, na mita kumi chini unakuwa umeshapotea karibu wote. Mhasibu bado ana zaidi ya gramu mia nane za unga mwekundu. Anatafuta mtu wa kubadilishana naye kwa wa bluu, na fundi wa madirisha amekwishamjulisha kwamba wa bluu hauuzwi chini ya katoni nzima.