Namba 15 Haimo

Muuzaji wa Kariakoo alikikunjua kichuma chake kimoja kimoja, taratibu, nisije nikapitwa na kitu. Bisibisi bapa. Bisibisi ya nyota. Alenki namba 4, namba 5, namba 6. Kikata cheni. Kifungua soda. “Kazi kumi na sita ndani ya kiganja, bosi wangu. Mjerumani huyo.” Mjerumani mwenyewe kagongwa herufi za Kichina mgongoni.

“Namba 15 iko wapi?”

“Ya nini, bosi?”

“Nati ya tairi la nyuma.”

Akanikunjulia kifungua soda kwa mara ya pili.

Hapo ndipo ninapogombana na vidude hivi. Aliyevibuni ana baiskeli ambayo tairi lake linatoka kwa kuvuta kiwiko kidogo pale kwenye ekseli, na sehemu nyingine zote zimefungwa kwa bolti zenye tundu la pembe sita. Mtu wa hivyo alenki zinamtosha, na akimaliza anajifungulia soda. Sasa njoo Chamazi, au pita Tegeta na Bunju, uangalie tunachoendesha. Kuna Phoenix za Mchina zenye breki za fimbo, pedeli zake zimeshikwa kwa pini inayopigwa nyundo ndipo ikazwe nati. Kuna Avon za Mhindi. Kuna mitumba ya Kijapani yenye kapu mbele, iliyokuwa ikimpeleka mama wa watu sokoni huko Osaka na leo inabeba trei za mayai Mbande. Tairi la nyuma la Mjapani huyo linashikwa na nati mbili, zote namba 15. Pancha ikikukuta huna spana hiyo, kazi zako kumi na sita ni mapambo.

Wapo watakaonitajia ile spana nene yenye matundu huku na huku, kuanzia namba 6 mpaka 15. Naijua. Namba 15 kweli ipo, lakini kichwa chake kinene mno, kinagonga mguu wa karia na waya wa madigadi kabla hakijaishika nati sawasawa. Unakaza robo, unachomoa, unageuza, unakaza robo. Na chuma chake laini: ukiilazimisha, kinachokwisha pembe hujui ni nati au spana.

Uimara nao una hadithi zake. Kila kifaa siku hizi kimeandikwa “Chrome Vanadium”, hata kile kinachopinda ukikikazia macho. Maandishi hayo msiyaamini. Chukueni tupa, mkwaruze pembeni: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila, mrudishieni mwenyewe. Mimi nilipotoa tupa yangu, muuzaji alikivuta kidude chake kifuani, nami nikawa nimepata jibu bila kukwaruza. Tazameni pia pale kinapojikunjia. Kama ni ribiti, siku ikilegea ndiyo imelegea. Kama ni bolti, mtaikaza wenyewe, ilimradi alenki ya kuikazia isiwe miongoni mwa zilizofungwa na bolti hiyo hiyo. Msicheke, nimekiona cha namna hiyo.

Halafu hewa ya Dar. Hapa kutu haihitaji mwaliko. Kiacheni kidude mkobani chini ya siti masika moja tu, viungo vinashikana. Cha kwangu cha zamani kilinilazimu nikaazime plaizi ya kukikunjulia, na ndani yake mlikuwa na plaizi. Hata kikikubali kukunjuka, urefu wake ni kidole. Nati iliyolala na kutu inataka mkono mrefu; ndiyo maana mafundi wanachomeka bomba kwenye spana ndipo wanavuta. Hiki ukikivuta kinachokatika ni kiganja.

Tim Leatherman, Mmarekani, alizunguka Ulaya mwaka 1975 na Fiat mbovu, akatamani plaizi ya mfukoni yenye kila kitu, akahangaika mpaka 1983 ndipo akauza ya kwanza. Namheshimu sana. Lakini huko hakuwa na fundi chini ya mwembe kila baada ya nguzo tatu za umeme. Sisi tunao, ila pancha ya kwangu ina tabia ya kusubiri fundi aende msibani.

Na kidude cha kazi kumi na sita hakikai nyumbani. “Baba Nasra, hodi, kile kichuma chako!” Kimeenda kufungua feni, kimetoka kwenye feni kimeenda kwenye kitasa, na siku kiliporudi kilinuka samaki.

Nimeamua kubeba vitu vya kawaida: alenki mbili, bisibisi, vyuma viwili vya kutolea tairi na spana namba 15, vyote vimeviringishwa kwenye kipande cha tyubu. Spana nilianza kumwomba mzee fundi wa mtaani kwetu aniuzie ya kwake, nyembamba, ameinoa kichwa kwa mashine. “Mwanangu,” akasema, “nikikuuzia, kesho utakuja kwangu kufanya nini?” Nikashuka Gerezani nikapata ya mtumba, chuma kweli, tupa imeteleza. Moja hiyo bei yake ilizidi ya kile chenye kazi kumi na sita, na mwenye nayo hakupunguza hata nauli ya daladala. Jirani ameshaiulizia.